Kambi ya kipindupindu imefunguliwa, nami ni mwanafunzi wa mwaka wa nne: niende?

"Shikamoo Daktari. Nasoma udaktari mwaka wa nne hapa Dar es Salaam. Hii ni wiki ya pili tangu kipindupindu kiingie, na chuo kimesimamisha rotesheni zetu mbili, yaani zamu za kujifunza wadini. Tumeambiwa tukae hosteli tusome kwa simu. Juzi zimekuja fomu: anayetaka kujitolea kambini ajiandikishe. Wenzangu wengi wamejaza, wanasema atakayebaki atakuwa 'daktari wa YouTube'. Mama yangu anaishi Mbagala, ana kisukari. Amelia kwenye simu, anasema nikienda huko nisikanyage kwake nikamletea ugonjwa. Mimi mwenyewe naogopa kwenda nikawa mzigo, na naogopa kubaki nikamaliza shule sijui kitu. Halafu kuna sauti ndani inaniambia daktari anayekimbia mlipuko si daktari. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Natumaini hiyo fomu bado iko mezani, maana ningependa usiijaze wala usiichane kabla hujamaliza kusoma.

Nimekuelewa hivi: ukienda unaogopa kuumia, kuumiza wengine na kumwumiza mama, ukibaki unaogopa aibu ya leo na ujinga wa kesho. Kila upande unaona hasara. Mimi nimefundisha wanafunzi wadini katika mji huu kwa miaka mingi, nikapita nao kipindupindu, homa ya dengue na UVIKO, na naweza kukwambia kwamba swali lako wameniuliza wengi. Waliouliza, kwa kawaida, ndio ninaowaamini zaidi wakienda. Wale wanaojaza fomu kwa sababu rafiki amejaza hunipa wasiwasi.

Nianze na hiyo sauti, kwa sababu inakuonea. Wewe bado si daktari. Una miaka 5 ya shahada, kisha mwaka 1 wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo hospitalini, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika likupe usajili kamili na mgonjwa awe wako kwa jina lako. Leo hii kila unachomfanyia mgonjwa unakifanya kwa dhamana ya mtu mwingine, hata kumpima mapigo. Mwenye zamu akiiacha zamu yake, huyo amekimbia. Mwanafunzi aliyeambiwa abaki hosteli akabaki hosteli hajamkimbia mtu. Kwa hiyo, ukienda, nenda kwa sababu kuna kazi unayoiweza. Usiende kulipa deni ambalo hujakopa.

Lakini pia nakukatalia hiyo ya kusema mwanafunzi ni mzigo tu. Kuna kisa madaktari wa usingizi na wa ICU (wadi ya wagonjwa mahututi) hawakisahau. Mwaka 1952 polio iliingia Copenhagen, Denmark, na katika hospitali ya Blegdam watoto na vijana wakawa wanapooza misuli ya kupumulia. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliowekwa kwenye mashine za wakati ule, 27 walikufa. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akaonyesha kwamba mgonjwa akitobolewa koo na kuwekewa mpira, mtu anaweza kumpumulisha kwa kukamua mfuko wa hewa kwa mkono, saa baada ya saa. Mikono ikatafutwa. Ikapatikana ya wanafunzi, takriban 1,500, wakipokezana zamu usiku na mchana, na kwa jumla walitumia saa 165,000 hivi wakikamua mifuko ile. Vifo vikashuka mno. ICU tunazozijua leo zina mizizi pale.

Kisa hicho husimuliwa sana kwenye hotuba, na mara nyingi husimuliwa nusu. Watu husikia "wanafunzi waliokoa wagonjwa" wakaishia hapo. Mimi nakuomba utazame namna kazi ilivyopangwa. Kila mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja na kazi moja, akafundishwa namna ya kuifanya. Zamu yake ilikuwa na mwanzo na mwisho. Na daktari wa usingizi alikuwa anapita. Hakuna aliyeambiwa "ingia wadini usaidie".

Sasa chukua kisa cha pili. Machi 2003, hospitali ya Prince of Wales, Hong Kong. Mgonjwa mmoja amelazwa wadi ya kawaida kwa homa na nimonia, anapewa dawa kwa mashine ya mvuke. Wanafunzi wa udaktari wanaingia wadi ile kama unavyoingia wewe, kujifunza kupima wagonjwa. Hakuna aliyejua kuwa ni SARS, ugonjwa mpya wa mapafu unaoambukiza. Wanafunzi 66 waliopita wadi ile walichunguzwa baadaye, na 16 walikuwa wameugua. Hawakuwa wamejitolea kwa lolote. Walikuwa kwenye masomo yao ya kawaida.

Nakupa visa viwili hivi kwa sababu vinavunja imani mbili ninazozisikia humu mjini. Ya kwanza ni kwamba hatari iko kwenye wadi yenye utepe na kibao, na kwingine ni salama. Ukweli ni kwamba wadi iliyotengwa mara nyingi ina maji, klorini, glovu na watu walio macho, wakati mgonjwa anayekuambukiza yuko benchi la wagonjwa wa nje, ameandikiwa malaria. Ya pili ni kwamba ushujaa ndio unaoamua mwanafunzi atafaa au hatafaa. Wale wa Hong Kong hawakupungukiwa na ushujaa.

Kwa maoni yangu, kitu cha kwanza kuisha mlipuko ukija ni jicho la msimamizi. Dripu huja kwa lori, glovu huletwa. Msimamizi haletwi na lori. Siku ya kawaida, daktari bingwa anapita raundi na kundi lenu, tarajali yupo, sista wa zamu anawafahamu kwa majina na anawafokea mkishika kitu kwa mkono mchafu. Mlipuko ukianza, bingwa anaitwa vikao vya mkoa, tarajali wawili wanaumwa, sista anahamishiwa kambini. Wewe unabaki na koti jeupe lako, na mgonjwa haoni tofauti ya koti lako na la bingwa. Ndugu wa mgonjwa wanakuita daktari. Hujakaa sawa, unaitika.

Niliona hili kwa macho yangu. Mwaka 2015 kipindupindu kilianzia hapa Dar es Salaam mwezi Agosti, kikasambaa mikoa mingi ya Bara na kuvuka hadi Zanzibar, wagonjwa wakapita 20,000. Nilikuwa naingia kambi moja, jina lake tuliache. Usiku mmoja nikamkuta kijana wa mwaka wa nne amesimama peke yake katikati ya vitanda 14. Sista aliyekuwa naye alikuwa ameitwa getini kupokea wagonjwa walioletwa na bajaji. Kijana alikuwa anafanya alichofundishwa: chupa ikiisha, anafunga nyingine. Kitanda cha pembeni alikuwepo mzee wa miaka sabini hivi, moyo wake mchovu, na dripu yake inakimbia kama ya kijana wa miaka 20. Mishipa ya shingo imesimama, kifua kinachemka: maji yamemzidi. Yule kijana alikuwa ameona. Aliniambia, "Daktari, nimeona tangu saa sita." Hakujua kama ana ruhusa ya kufunga dripu, na hakuwa na wa kumwuliza.

Mzee alipona. Kijana hakurudi kambini, nami sikumlaumu hata kidogo. Wa kulaumiwa tulikuwa sisi tuliopanga zamu ile.

Ndiyo maana chuo kinaposimamisha rotesheni, usikimbilie kusema kinawaogopa wazazi au kinajali jina lake. Huenda kinajali, sikatai. Lakini kuna hesabu nyingine. Kundi la wanafunzi 12 linaloingia wadini linatumia jozi 12 za glovu na barakoa 12 kwa mgonjwa mmoja. Wanafunzi ndio watu wanaozunguka kuliko wote hospitalini: asubuhi wadi ya watoto, mchana kliniki, jioni maktaba, usiku hosteli. Na hosteli unaijua kuliko mimi. Chumba kimoja watu sita, choo cha pamoja, ndoo ya maji ya kunywa yenye kikombe kimoja, na chipsi mayai za getini. Kama ningekuwa bakteria wa kipindupindu ningeichagua hosteli kabla ya nyumba ya mama yako.

Tufike kwa mama. Kumwambia "usijali" hakutamsaidia, kwa sababu anajali kwa sababu nzuri. Mweleze ugonjwa unavyosafiri. Bakteria wa kipindupindu anatoka kwenye kinyesi na matapishi ya mgonjwa na anaingia kwa mdomo: kwa maji, kwa chakula, kwa mkono. Haruki hewani. Hakai kwenye pumzi yako ukaingia nayo sebuleni. Tena asidi ya tumbo inaua wengi sana wao, kwa hiyo mtu mwenye tumbo zima huhitaji kumeza idadi kubwa ndipo augue. (Hapa nakuuliza wewe: unameza omeprazole? Wanafunzi wa udaktari nusu yao wana kiungulia cha mitihani. Dawa za kupunguza asidi zinakuondolea hiyo kinga. Kama unazimeza kila siku, mwambie atakayekupokea kambini.)

Mvua zikinyesha mji huu, yapo maeneo watu hutapisha vyoo, yakatiririka hadi kwenye visima vifupi. Kwa mama, kwa hiyo, hatari kubwa iko kwenye ndoo ya maji ya kunywa na matunda yaliyokatwa barabarani, awe na mtoto kambini au asiwe naye. Achemshe maji au atie dawa ya kutibu maji, anawe kwa sabuni akitoka chooni na kabla ya kula. Na kwa kuwa ana kisukari, mwambie hili mapema: akiharisha maji maji, asiogope glukosi (sukari) iliyomo kwenye ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Anywe, na aende kituo cha afya saa hiyohiyo akapimwe sukari na kuelekezwa kuhusu dawa zake, maana upungufu wa maji mwilini unamwumiza mwenye kisukari haraka.

Kwa nini ORS inafanya kazi wakati utumbo unamwaga maji? Ukilielewa hili utaweza kumweleza mgonjwa yeyote. Sumu ya bakteria inafungua mifereji ya kloridi kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, chumvi inatoka, maji yanaifuata. Mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Lakini kuna mlango mwingine kwenye ukuta uleule, unaopitisha sodiamu na glukosi zikiwa pamoja, na sumu haiugusi. ORS inapita mlango huo, na maji yanaingia nayo. Mwaka 1971, kwenye kambi za wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akawapa ndugu wa wagonjwa maji ya chumvi na sukari wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa takriban asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Walionywesha walikuwa mama, kaka na majirani.

Kwa hiyo kambini kuna kazi yako, tena kubwa. Chukua mgonjwa wa kilo 60 aliyeishiwa maji kabisa, macho yameingia ndani, mapigo ya mkononi hayashikiki. Anahitaji mililita 100 kwa kila kilo: 30 ndani ya nusu saa ya kwanza, 70 ndani ya saa mbili na nusu zinazofuata. Fanya hesabu: mililita 1,800, kisha 4,200. Lita 6 kwa saa tatu, yaani chupa 12 za mililita 500. Sista mmoja mwenye wagonjwa 14 hawezi kuzihesabu zote. Anayeweza ni mtu aliyekaa na wagonjwa wawili, anahesabu chupa, anapima mapigo na upumuaji, anaangalia mkojo, na anaanza ORS mgonjwa akiweza kunywa. Mwaka wa nne anaweza hilo. Anachohitaji zaidi ni kuambiwa wazi: ukiona hiki, funga dripu na uniite, ukiona hiki, niite hata kama nimelala.

Hatari yenyewe iko wapi basi? Ukinawa, usipokula wala kunywa ndani ya kambi, na ukiacha simu nje, kipindupindu hakitakupata kirahisi. Simu, narudia. Nimewaona wanaonawa hadi viwiko kisha wanachukua simu waliyoishika wakiwa na glovu, wanaiweka shavuni. Ninayoiogopa zaidi kwa ajili yako ni sindano. Kambini kanula, yaani mirija midogo ya dripu mshipani, zinawekwa haraka, kwa mgonjwa aliyesinyaa mishipa, taa hafifu, saa tisa usiku, na wewe umesimama tangu jioni. Hapo ndipo watu hujichoma, na sindano iliyotoka kwa mgonjwa haijui kwamba imekuja kambini kwa sababu ya kipindupindu. Inabeba homa ya ini na VVU vilevile. Kwa hiyo kamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla ya kitu chochote, ulizia kama kuna chanjo ya matone ya kipindupindu kwa wahudumu, na kama hujawahi kuweka kanula chini ya usimamizi, usijifunzie hapo. Sema tu "hii siiwezi". Hakuna atakayekucheka, na akicheka, mwache acheke.

Haya yote nimeyasema kwa sababu ni kipindupindu. Usiyabebe ukaenda nayo mlipuko mwingine. Ingekuwa Marburg, homa ya virusi inayofanana na Ebola, ile iliyotokea Kagera mwaka 2023 ikaua watu 6, na miongoni mwa walioambukizwa wakiwemo watoa huduma za afya, ningekwambia kwa neno moja: usiende. Kule kosa moja la kuvua suti ya kujikinga linatosha, na kuvua suti si ujuzi wa kujifunza siku mbili. Oktoba 2022 Ebola ilimchukua Mtanzania mwenzetu nchini Uganda, daktari kamili aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili. Na ugonjwa wa njia ya hewa usioeleweka vizuri, kama UVIKO ulivyokuwa mwanzoni, mwanafunzi ana kazi nyingi nje ya wadi na sababu chache za kuwa ndani.

Sasa hiyo ya "daktari wa YouTube". Machi 2020 vyuo vilifungwa nchi nzima, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Waliokuwa mwaka wa nne wakati ule leo ni madaktari kamili, na ninafanya kazi na baadhi yao. Siwezi kuwatofautisha na wa miaka mingine kwa kuwatazama wakipima mgonjwa. Lakini nakumbuka walivyorudi: walikuwa wanajua nadharia kuliko wenzao wa nyuma, wanasoma ECG (kipimo cha umeme wa moyo) vizuri, halafu unawaambia wapapase bandama, mkono unaelea juu ya tumbo kama wanaogopa kuliamsha. Ilichukua wiki kadhaa za kurudia, rotesheni zikabanwa, likizo zikaliwa. Iliuma, ikaisha.

Maana yake ni kwamba vitu viwili vinachanganywa. Vipo vinavyosomeka kwa simu: namna ya kufikiri kuhusu mgonjwa, kusoma picha za eksirei, dozi, hata kuchukua historia, maana unaweza kumpigia mwenzako akaigiza mgonjwa na ukamhoji nusu saa nzima. Na vipo visivyosomeka kwa simu hata ukiwa na bando la mwezi mzima: kusikia mlio wa moyo, kuzalisha, kumpa mama habari ya msiba ukiwa umekaa naye benchi moja. Hivi vya pili vinaahirishwa, havifutiki. Wajibu wa chuo ni kuvirudisha, na wajibu wako ni kuvidai kwa orodha. Chukua daftari uandike leo: rotesheni ipi imekatika, siku ngapi, nini hukufanya. Ukisubiri miezi mitatu utakuwa umesahau, na mratibu naye atakuwa amesahau. Hilo daftari litakusaidia kuliko maneno ya wenzako, na linapunguza pia hofu ya kupata sapu (mtihani wa marudio) kwa kitu ambacho hakuna aliyekufundisha.

Na usidhani kambi ya kipindupindu itakufanya daktari kamili. Utajifunza upungufu wa maji kuliko yeyote darasani kwenu. Presha, kisukari, uzazi, hutajifunza pale. Wagonjwa hao bado wapo mjini, tena wakati wa mlipuko wanaogopa kuja hospitali.

Ipo njia ya katikati ambayo vijana huidharau kwa sababu haina picha ya kuweka status. Kila mlipuko unahitaji watu wa kufuatilia waliokula au kunywa na mgonjwa, kukaa kituo cha ORS mtaani, kupita nyumba kwa nyumba na mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mjumbe wa shina, kujaza orodha ya wagonjwa kwa usahihi ili mtu aone kwamba wote wametoka kisima kimoja. Pale Manzese au Vingunguti mwanafunzi anayeongea vizuri na watu anaweza kuzuia wagonjwa wengi kuliko atakaowahudumia kambini. Kwa mtu mwenye mama mwenye kisukari na wasiwasi ulio nao wewe, mimi ningeanzia hapo wiki ya kwanza. Kambini ungekwenda baadaye, ukishaona nani anaendesha nini.

Ukiamua kambi moja kwa moja sitakuzuia, ila usiandike jina kabla hujajua mambo haya. Nani hasa, kwa jina, atakuwa na wewe kila zamu, ya usiku hasa. Utakuwa na wagonjwa wangapi. Zamu ni saa ngapi, na utarudije usiku. Ukiugua au ukijichoma sindano, nani anakutibu na nani analipa, maana mwanafunzi si mwajiriwa na usidhani mfuko wa fidia kwa wafanyakazi unakuhusu. Soma bima yako inasema nini, na omba barua ya chuo yenye muhuri. Uliza pia kama ukikataa katikati utaadhibiwa. Wakikwambia kujitolea kutahesabiwa kwenye alama, hapo si kujitolea tena, na ni sahihi kulisema hilo kwa rais wa wanafunzi au kwa mkuu wa kitivo. Mwenzako anayesubiri bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) asijikute anakwenda kwa sababu ya posho ya nauli.

Kwa mama, badala ya kumwomba ruhusa kwa simu, nenda Mbagala kabla hujaanza. Mwonyeshe unavyonawa. Mwambie nguo za kambini zinabaki kambini, na kwamba siku za zamu na siku tano baada ya zamu ya mwisho utalala hosteli, kwa kuwa dalili huanza ndani ya saa chache hadi siku tano. Mtu anaweza kubeba bakteria bila dalili, kwa hiyo hata ukiwa mzima, kunawa baada ya choo ni lazima. Akiendelea kulia, mwache alie. Yeye ndiye aliyekulea, ana haki hiyo.

Kuna mambo ya kutosubiri jibu langu wala la mtu yeyote mtandaoni. Ukiharisha maji maji, hata mara mbili tu, anza ORS na uende kambini kama mgonjwa. Usijifungie chumbani ukijitibu kwa aibu. Ukijichoma sindano, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, na uwe kwa daktari saa ileile, maana dawa za kuzuia VVU zinatakiwa ndani ya saa 72 na kila saa unayochelewa inazipunguzia nguvu. Homa baada ya zamu, nenda ukapimwe, usidhani ni malaria. Na ukiona usingizi umekata, au sura ya mgonjwa fulani inarudi kila ukifumba macho, au umeanza kuogopa kuingia hospitali, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi, au kwa daktari wa afya ya akili moja kwa moja. Yule kijana wa 2015 alikwenda baada ya miezi minne. Angekwenda wiki ya kwanza.

Jumatatu nenda kwa mratibu na fomu yako ikiwa haijajazwa, umwulize swali moja tu kwanza: zamu ya usiku Jumatano, atakuwepo nani? Akikutajia jina, mtafute mtu huyo mwongee. Akikwambia "tutaangalia", irudishe fomu mfukoni na uende ukaulizie kituo cha ORS cha mtaa. Huko vaa buti, ndala uziache hosteli.